Kiatu Chini ya Kiti cha Mwadime

"Mama, kiatu chako kiko hapo chini ya kiti."

Nikainama, nikapapasa. Kilikuwa kiatu cha raba nyeusi, cha mguu wa kushoto, kamba yake imeshonwa kwa uzi mwekundu. Uzi huo nilimpa fundi mimi mwenyewe. Kiatu hicho kilipotea mwaka uliopita, siku gari lilipobingirika nami nikiwa ndani, na dereva wa siku hiyo alizikwa mimi bado nimelala wodini. Sasa niambie, huyu aliyekuwa akiongea nami kutoka kwenye usukani alikuwa nani?

Shule niliachia darasa la nne, lakini uongo sikufundishwa. Anayetaka kucheka acheke. Haya yalinipata mimi.

Nirudi nyuma kidogo. Mimi nauza ndizi na viazi soko la Voi. Kila baada ya miezi mitatu naenda Mombasa kupimwa huu mguu uliotiwa vyuma, na narudi na treni. Siku hiyo nilishuka stesheni saa nane mchana, jua linachoma mpaka kwenye mifupa. Nani alisema wafu wanaogopa jua? Binti yangu Dorcas alikuwa ameniwekea kwenye simu ile app ya kuita teksi, akanifundisha kubonyeza, akanionya: "Mama, kabla hujapanda, soma jina, soma namba ya gari."

Nikabonyeza. Probox nyeupe ikaja, nikaingia kiti cha nyuma. Sikusoma kitu. Jamani, sisi Voi tangu lini tunasoma namba? Gari tunalijua kwa rangi, na dereva tunamjua kwa mamake.

Hakuwa na maneno mengi. Gari lilikuwa safi, na kwenye matuta alipunguza mwendo kama mtu aliyebeba mayai. Nikajisemea, leo nimepata dereva. Tulipokaribia ile kona kabla ya kuingia barabara kubwa, kona iliyonivunja, simu yangu ikalia.

"Mama, uko wapi? Nimekungoja hapa stesheni mpaka nimechoka."

"Kwani wewe ni nani?"

"Dereva wako. Mwadime."

"Mimi mbona nimeshapanda."

"Umepanda gari ya nani sasa, mama?"

Nikainua macho. Abiria wa nyuma hamjui dereva kwa uso, anamjua kwa kisogo. Na kile kisogo nilikijua. Kina kovu la duara, kama punje ya mbaazi. Nilikuwa nikilitazama kovu hilo wakati tairi lilipopasuka.

Bila kugeuka akasema, "Mwambie asikungoje." Halafu ndipo akanitajia kiatu.

Wewe ungefanya nini? Ungeruka? Na mimi na mguu wa vyuma niruke niende wapi? Nilikikumbatia kiatu kifuani, na ulimi wangu, niamini, ukauliza swali ambalo kwetu Taita kila mgeni huulizwa. Mara ya kwanza, siku ya ajali, sikumuuliza, maana njia nzima nilikuwa kwenye simu nikibishana na mtu wa ndizi.

"Kijana, wewe ni wa nani?"

"Wa Mama Mghoi, Mbololo. Nyumba ya mabati mekundu, chini ya kanisa."

"Na unanipeleka wapi?"

"Kwako, mama. Ile siku sikukufikisha."

Akanifikisha. Nyuma ya soko, mpaka mlangoni. Nikashuka, nikageuka nimshukuru, hakuna gari. Hata vumbi halikutimka. Jirani yangu Mama Neema, aliyekuwa akianua nguo, akaniuliza mbona natembea juani nimekumbatia kiatu kimoja kama mlevi.

Jumapili nikapanda mlimani Mbololo. Mabati mekundu yalikuwepo, chini ya kanisa, kama alivyosema. Nikamweleza mama wa watu yote. Akakishika kile kiatu, akakigeuzageuza, akacheka mpaka machozi yakamtoka.

"Huyo ni wangu," akasema. "Tangu utotoni haachi kazi nusu."

Akanipikia kimanga, ule mhogo wetu wa kupondwa na maharagwe, tukala kutoka sahani moja, na tangu hapo tumekuwa ndugu. Zamani nilikuwa nashtuka usingizini nikisikia tairi likipasuka. Sasa nalala mpaka jogoo. Viatu vyangu ni viwili tena. Siwezi kusema sina raha, nitakuwa namkosea Mungu.

Lakini kuna mfupa umenikwama kooni. Yule wa stesheni aliyenipigia simu, mbona alijiita Mwadime, jina la marehemu? Dorcas aliuliza madereva, wakamwambia. Mwenye lile gari lililobingirika, Shadrack wa duka la spea, hajawahi kufunga akaunti ya marehemu. Ina nyota tano, wateja wanaiamini, basi anawapa madereva wapya wafanye kazi kwa jina la mtu aliye kaburini. Ni Shadrack huyo huyo anayeuza matairi mapya dukani, lakini gari la Mwadime alilifungia tairi kipara. Na fundi wake Mutiso akaapa kwamba litafika Krismasi!

Tulimwendea, mimi na Mama Mghoi.

"Nikiifunga nianze upya bila nyota?" akatuuliza. "Ama siku hizi wafu nao wanataka likizo?"

Watu dukani wakacheka. Mama Mghoi akanishika mkono, tukatoka.

Kwa hiyo wewe unayeshuka stesheni ya Voi, usipande gari kabla hujamuuliza dereva ni wa nani. Akisema ni wa Mama Mghoi, usiogope. Msalimie vizuri, atakufikisha. Huyo mwingine anayesitasita kutaja mamake, shuka kwanza uyatazame matairi yake.

Na wewe Shadrack, jibu ni ndiyo, wanataka likizo. Kila mtu akibonyeza jina lile, unamwamsha mtoto wa mwenyewe aende kazini. Funga hiyo akaunti. Halafu upande Mbololo na Mutiso wako, mkae mbele ya mamake, mmwambie kwa midomo yenu ni nani alifunga lile tairi. Msiseme hamjui njia. Mabati mekundu, chini ya kanisa.