Tanuri la Fajga

Kwenye sherehe ya mavuno, mbele ya padri, bendi ya zimamoto na mji mzima, Leokadia Pyzik alishika maikrofoni akatangaza kwamba mkate wa vitunguu wa ukoo wake ni wa Kipolandi mtupu, umeanzia kwa bibi yake, na hakuna mkono wa mgeni uliowahi kuugusa. Watu wakapiga makofi. Wazee wachache wakatazama viatu vyao.

Leokadia alikuwa mwoka mikate, na maishani alikuwa na donda moja tu: Otylia, ng'ambo ya uwanja. Huyo amefungua duka juzijuzi, na tayari foleni yake inafika kisimani. Leokadia alishinda dirishani akiikodolea macho hadi mikate yake mwenyewe ikaungua. Kitunguu kilekile, unga uleule! Ila Otylia aliandika mlangoni kwamba mkate huu ulikuwa wa waokaji wa Kiyahudi walioishi hapa kabla ya vita, na watalii wakaja kwa mabasi.

Leokadia akaanza kunong'ona, kanisani, saluni, kwa muuza nyama. Otylia ni Myahudi yule, hamwoni pua? Na mtaji kautoa wapi? Wiki haikuisha, mtu akachora kwenye kioo cha Otylia nyota ya Kiyahudi inayoning'inia kwenye mti wa kunyongea. Usiku huo Leokadia alilala fofofo.

Asubuhi foleni ilipita kisima. Wageni walikuja kutoa pole, na kila mtoa pole aliondoka na mfuko wa mikate. Otylia, ambaye ukoo wake wote umezikwa nyuma ya kanisa, alikwangua rangi kwa wembe, wala hakukanusha.

"Na ningekuwa Myahudi, je?" alimwuliza muuza nyama. "Ingekuwa sawa?"

Muuza nyama alikumbuka ana soseji za kupanga.

Leokadia alikosa raha kabisa. Yaani hata tusi limemnufaisha mwenzake! Mama yake, Genowefa, aliyekuwa mtoto wa miaka minane Wajerumani walipowachukua Wayahudi wa mji, alimwona amerudi dirishani.

"Bibi yako alisimama hivyohivyo," alisema, "kule upande wa pili, akitazama moshi wa Fajga, yule mwoka mikate wa Kiyahudi, ukitoka kwenye bomba letu hili. Siku walipochukuliwa, tuliingia humu tanuri bado lina moto."

"Mama, hayo ya zamani."

"Mkate uliokuwa ndani tuliula, mwanangu. Mimi mwenyewe niliula."

Leokadia hakugusa chakula cha jioni. Mama yake akadhani, hatimaye, limemgusa moyoni. Kumbe binti alikuwa anapiga hesabu: Otylia ana maneno tu mlangoni. Tanuri lenyewe ninalo mimi.

Jumatatu kibao kipya kilikuwa juu ya mlango wa Leokadia: MKATE HALISI WA FAJGA, KUTOKA TANURI LA FAJGA. Chini yake ilitundikwa ile picha ya mzee wa Kiyahudi anayehesabu sarafu, wanayouza sokoni eti inavuta pesa.

Mkate mmoja, zloti tisa.