Sonara wa Chumba cha Chini

Umewahi kujiuliza, kile kipande cha kuzibia jino kikibanduka mdomoni huishia wapi? Vingi hutemwa na maji ya kusukutulia. Vichache hufika hapa, chumba cha chini cha chuo cha meno, ndani ya vichupa vyenye vifuniko vya bluu.

Ni asubuhi. Fundi anavua viatu mlangoni, anavaa kandambili laini, anafunga mlango taratibu kama vile kuna mtoto aliyelala. Aliyelala ni hadubini, ndefu kama kabati, inayotazama kwa elektroni badala ya mwanga. Haipendi vishindo. Mtu akikimbia ukumbini, picha inatetemeka.

"Ndiyo maana watu hawaji humu," anasema, akipangusa meza isiyo na vumbi. "Nikipiga chafya najiombea afya mwenyewe."

Viti ni viwili. Cha pili kina mto ulioshonwa kwa mkono, na juu ya mto limekaa boksi la glavu.

Anakibana kipande kwa kibanio, anakigandisha kwenye kijisahani cha chuma, anakiingiza katika chombo kinachokipaka dhahabu nyembamba kuliko utando wa buibui. Bila dhahabu hiyo kipande hujaa umeme, na picha huwa nyeupe pe. Kikishapakwa, kila kitu kinajitokeza: nyufa, vishimo, chembe za kioo zilizoshikana na zilizoachana.

Kisha eksirei zinazotoka kwenye kipande humwambia kimetengenezwa kwa vitu gani. Kila elementi ina kilima chake kwenye skrini.

"Huyu silikoni. Huyu bariamu, ndiye anayefanya kizibo kionekane daktari akipiga picha ya meno. Na huyu dhahabu, usimhesabu. Huyo nimemleta mwenyewe."

Wiki yake ya kwanza kazini alimhesabu. Alirudi nyumbani akamwambia mkewe kwamba amekuta dhahabu katika jino la muuza mkaa. Mkewe, fundi cherehani, alicheka mpaka akakaa chini.

"Si jana uliniambia mnavipaka dhahabu? Umeipaka wewe, umeiokota wewe. Basi wewe sonara."

Jina likamfuata mpaka kazini. Madaktari humwita Sonara hadi leo, ila aliyelitunga hayupo wa kulitamka. Yuko mbali, kwa binti yao, analea mjukuu. Walikubaliana atakaa mpaka mtoto asimame. Mtoto sasa anakimbia, na binti ana mimba nyingine.

"Nakula kwenye sufuria," anasema Sonara. "Sahani ya nini, na mlaji ni mmoja?"

Adhuhuri anatoka hadi kwenye ngazi kupiga simu, kwa kuwa simu haiingii chumbani. Sikio lake moja ni zito, hivyo anafungulia spika.

"Umekula?" anauliza mkewe.

"Nimekula."

Mkate wake uko mfukoni, haujafunguliwa.

"Baba, mwanao anataka jibu leo. Nikae mpaka huyu wa pili naye akue, au nirudi akishajifungua? Unaonaje?"

"Mtakavyoona nyinyi. Mimi mzima."

"Mzima, mzima. Nimeolewa na mtu au na nazi nzima?"

Sonara anacheka kidogo, kisha anakaa kwenye ngazi. Anautoa mkate, anaugeuzageuza.

"Hiyo dhahabu," anasema.

"Dhahabu gani tena?"

"Huo uzima ninaokuambia kila siku. Usiuhesabu. Nimeupaka mwenyewe."

Upande wa pili mjukuu anasikika akigonga kitu, kisha akinyamazishwa. Mlango unafungwa.

"Haya," anasema mkewe, polepole. "Nimebaki peke yangu. Hebu ikwangue, Sonara, nione chini yake kuna nini."

Sonara anaangalia ngazi inayopanda, haina mtu.

"Sijala," anasema. "Tangu uondoke sijala vizuri. Mwambie binti yetu, akishajifungua na kupata nguvu, unarudi. Nataka urudi nyumbani."