Ujumbe Uliobaki Ndani ya Seva

Nakumbuka asubuhi moja ya mvua pale Malaba, mwanangu. Nabwire aliingia ofisini kwetu na viatu vya matope, kitambaa cha msiba bado kichwani, akaniwekea simu yake mezani.

"Dada, hebu soma hii."

Nikasoma: *Ni Wandera. Nimeamka salama, niko kazini.* Meseji ilikuwa ya jana yake. Na Wandera, mumewe, tulikuwa tumeshamzika kwao Funyula. Yalaa! Nilishikwa na baridi mpaka kwenye meno.

Usicheke. Wewe ndiye umekabidhiwa seva sasa, na huwa unanijibu "najua, mama" kabla sijamaliza kusema. Leo utanisikiliza mpaka mwisho.

Mimi na Wandera tulifanya kazi kwenye kampuni ndogo ya kushughulikia makaratasi ya malori yanayovuka kwenda Uganda. Foleni ikirefuka, seva moja, ile kompyuta inayobeba kazi yote, ilikuwa inalemewa, basi tukawasha nyingine huko kwenye wingu, zile kompyuta za kukodi mtandaoni. Wandera ndiye aliyetutengenezea picha. Si picha ya kamera, ni nakala nzima ya seva iliyokwisha kuandaliwa. Programu inaichukua na kufyatua seva mpya zinazofanana, kama mtu na kalibu yake ya matofali, bila mtu kugusa kitu. Alikuwa fundi kweli, maskini, na mcheshi kupita kiasi.

Sasa alipokuwa akiijaribu, aliweka humo agizo kwamba kila seva ikiamka mara ya kwanza, itume meseji. Namba aliyoweka ni ya mkewe, kwa sababu Nabwire alikuwa akimlaumu kila siku kwamba akifika kazini hasemi. Nabwire akadhani mume anaandika kwa mkono wake kwa simu ya kazini, akafurahi. Majaribio yakaisha, picha ikahifadhiwa, na lile agizo likabaki humo ndani. Sisi wengine tuliitumia hiyo picha kila wiki na hakuna aliyeifungua kuona ina nini. Watu wa kazi yetu ndivyo tulivyo, kitu kikifanya kazi tunakiacha.

Halafu pikipiki aliyopanda ikagongana na lori. Tukamzika. Foleni ikarefuka tena, programu ikaamsha seva, na simu ya mjane ikalia.

Ile namba iliyotuma meseji niliitambua palepale, ndiyo iliyokuwa ikiwatumia madereva ujumbe wetu. Ukiipiga haishiki. Nilimweleza Nabwire yote. Hakulia. Alisema tu, "Basi uje uwaambie wakwe zangu. Shemeji aliziona hizi meseji siku ya kunyolewa nywele baada ya mazishi. Wanasema nina mwanamume ananiandikia kwa jina la marehemu. Jumamosi wanakaa kikao, nitolewe kwa boma na watoto wangu."

"Na mama mkwe anasemaje?"

"Huyo anasema Wandera hajakufa. Si unajua sanduku halikufunguliwa? Anasema tulizika mtu mwingine."

Jumamosi nikaenda, na kompyuta nimeifunga kwa karatasi ya nailoni, mvua ikininyeshea kutoka Bumala mpaka kwao. Wazee wa ukoo walikuwa wamejaa sebuleni. Nabwire alikaa chini karibu na mlango, upande wa wageni, nyumbani kwake mwenyewe. Hilo liliniuma sana.

Nikaomba simu yake iwekwe mezani, kila mtu aione. Nikafungua kompyuta. "Wazee wangu, naamsha seva moja sasa hivi. Angalieni simu."

Tukangoja. Mtu mmoja akaguna kwamba mimi ni rafiki ya Nabwire, nimekuja kumfunikia mabaya yake. Simu ikalia. Shemeji mtu akaichukua na kusoma kwa sauti maneno yaleyale, kisha akairudisha mezani.

"Basi," mzee wa ukoo akasema. "Mama watoto akae kwake." Wakaanza kuvaa kofia zao. Pole hakuna aliyetoa, nakwambia, hata mmoja.

Nilikuwa nimeshaanza kufunga kompyuta mama mkwe aliponiita.

"Wewe msichana. Kwa hivyo si yeye?"

"Si yeye, mama. Ni mashine."

Aliivuta simu karibu naye. Kisha akasema, "Hebu iamshe tena."

Ningemkataliaje? Nikaiamsha. Simu ikalia mikononi mwake. Akaiinamia, akaiambia, "Haya, baba. Nimesikia." Akairudisha kwa Nabwire, akatoka kwenda jikoni nyuma ya nyumba, na huko akaangua kilio upya, kile cha siku ya kwanza ya msiba.

Nabwire alinisindikiza mpaka barabarani. Nilitegemea asante, nisikudanganye. Akasema, "Nyumba yangu umeiokoa, dada. Lakini hata ulipokwisha kuniambia, mimi bado nilikuwa nazingoja zile meseji."

Jumatatu niliandika maelekezo mapya ya kuandaa seva tangu mwanzo, nikatengeneza picha safi, nikaifuta ile ya Wandera. Ilikuwa kazi ya muda mfupi tu. Nikaenda chooni, nikalia.

Kwa hiyo mwanangu, sikia. Usihifadhi picha ya seva kabla hujaisafisha. Toa funguo zako za kuingilia, toa maneno yako ya siri, toa namba ya simu ya mtu yeyote uliyemtumia kujaribia. Andika maelekezo yaliyo wazi, ili mwenzako ajue kilichomo hata kama hupo wa kuulizwa. Na picha uliyoachiwa na mwingine, ifungue uiangalie kabla programu haijaanza kuifyatua. Mashine haijui kama tumefiwa.

Na mkeo akitaka kujua umefika kazini, mpigie mwenyewe.

Mungu akulinde barabarani, akupe miaka mingi. Na siku utakapotuacha, kazi yako iendelee kuwafaa watu, wala isimwamshie mama yako kilio alichokwisha kukilia. Amina.