Nilivyosoma Kadi ya Mama

Harufu ya mpunga mbichi uliolowa hunirudisha kila mara kwenye dungu letu, kile kibanda cha miguu mirefu tulichohamia kila msimu, bondeni chini ya Chumbi, ili tuamie ndege shambani. Mwaka ninaousimulia nilikuwa darasa la nne, na msomaji pale nyumbani nilikuwa mimi peke yangu. Nilijivuna kidogo. Nilisoma kila kitu: pakiti za sabuni za kigeni zilizoanza kujaa madukani, hata kipande cha gazeti kilichofungia dagaa.

Mama alikuwa mjamzito. Mdogo wangu Saidi alikuwa amezaliwa kwa kupasuliwa, kwa hiyo Baba alikuwa na wasiwasi. Siku moja Mama alirudi kutoka kliniki, mwendo wa asubuhi nzima kwa miguu, akachomeka kadi yake kwenye makuti ya paa, akashika ungo na kuanza kupeta mchele. Baba akaichomoa, akanipa.

"Hebu tusomee, mwanangu."

Nesi alikuwa ameandika kwa wino mwekundu: ajifungulie hospitali, na aende kusubiri huko mwezi mmoja kabla. Niliinua macho. Mama alikuwa ameacha kupeta. Hakutikisa kichwa wala hakukonyeza. Alinitazama tu, kama mtu anayeomba asiulizwe. Nami, nawaambieni ukweli, nikasoma: "Mama na mtoto wote wazima." Baba akamshukuru Mungu, akairudisha kadi mahali pake.

Maji yalikuja mapema kuliko tulivyozoea. Yalifunika njia, kisha vipandio vya ngazi yetu kimoja baada ya kingine, tukabaki watu wanne na kuku wetu juu ya fito. Mwanzoni nilifurahi, nilivua samaki nikiwa nimekaa mlangoni. Mama alikaa akitazama upande ilikokuwa barabara, ingawa haikuonekana.

Uchungu ulimwanza asubuhi moja. Baba alikwenda kwa mtumbwi kumleta Bi Mwanahawa, mkunga wa dungu la jirani. Mpaka adhuhuri mtoto alikuwa hajateremka. Bi Mwanahawa alilitazama lile kovu la kupasuliwa, akauliza kliniki walisemaje. Baba akajibu kwamba walisema wote wazima. Hapo nikaanza kulia, nikasema yote.

Nilitegemea kipigo. Baba hakunigusa. Alimwuliza Mama kwa sauti ya chini kwa nini alificha, na Mama akageukia ukutani.

Tulimpeleka kwa mtumbwi hadi barabarani, kisha kwa lori la mkaa hadi Ndundu. Pantoni ya kuvushia magari mtoni ilikuwa ng'ambo. Tulisubiri kwenye jua, Mama akiwa amelala juu ya magunia, nami nimemshika mguu kwa sababu mikono yake ilikuwa imeng'ang'ania ubao wa lori. Hospitali walimwokoa. Mtoto, wa kike, alitoka kimya.

Kwa miaka mingi niliamini kwamba uongo wangu ndio uliomwua mdogo wangu.

Nilikuja kuolewa Kibiti. Daraja lilikuwa limekwishajengwa, pantoni imebaki hadithi. Mimba yangu ya kwanza ilipokuwa na matatizo, nesi aliniambia nisikae mbali na hospitali. Mama alikuja na sufuria na mkeka, tukapanga chumba jirani na geti la hospitali, akawa ananipikia uji kila siku. Humo ndimo nilimopata ujasiri wa kumwomba radhi.

Aliendelea kukoroga.

"Hata ungesoma sawasawa, ningebaki palepale," alisema. "Huko hospitali ningelala kwa nani? Nani angenipikia? Nanyi ningewaacha na nani, majini? Baba yako angejua, angehangaika kunipeleka, na hakuwa na pa kunipeleka. Sikutaka aadhirike mbele yenu."

Kumbe siku ile sikuwa nimemfungia Mama njia. Njia haikuwapo, naye alikuwa anaijua hali hiyo peke yake, akipeta mchele. Akanimiminia uji bakulini, akaniambia ninywe ungali moto.