Taa ya Upanga wa Bwana Jayanti

Mimi ni fundi redio wa Gerezani. Kibao changu kilisema "Bingwa wa Umeme" mpaka jana nilipokishusha.

Bwana Jayanti, mwalimu wa mchezo wa panga, aliniletea upanga wenye nyaya ndani na taa yake. Akaanza kunieleza unavyofanya kazi, nikamkatiza.

"Ubovu wake nini?"

"Taa haiwaki, fundi."

"Basi, inatosha."

Nikaufungua. Nyaya mbili hazikugusana pale nchani. Nikawacheka mafundi wa Ulaya waliouunda kwa kusahau jambo dogo hivyo, nikaziunganisha kwa risasi ya kulehemu. Taa ikawaka pe!

Siku ya mashindano nilivaa kanzu ya Idi, nikamchukua na baba mkwe ajionee. Bwana Jayanti alipochomeka tu waya, taa ikawaka. Nikapiga makofi, peke yangu. Mpinzani wake alikuwa bado mlangoni, anafunga viatu.

"Fundi!" akafoka Bwana Jayanti. "Taa huwaka ncha ikimchoma mtu!"

Baba mkwe akauliza kwa sauti, "Sasa hapa imemchoma nani?"

Ukumbi mzima ukanigeukia mimi.