Miwani ya Theluji Niliyoinunua kwa Bei ya Kutupa

Msinicheke. Haya yalinipata mimi mwenyewe, hapa Guangzhou, mchana kweupe, na alama ninayo usoni. Anayetaka kubisha aje anitazame.

Mimi ni mfanyabiashara wa vitambaa, kwetu Unguja. Kazi yangu ni macho: nawapambanulia wateja rangi mbili ambazo wao wanaona moja. Basi shoga yangu Zuhura, anayesoma chuo huku, akanishawishi tukajifunze kuteleza kwa ubao kwenye ukumbi wa theluji ya mashine. Ikanibidi nitafute miwani.

Tulikwenda kibanda kimoja nyuma ya masoko ya Guangyuan Xilu. Muuzaji, mzee mpole, alinielekeza vizuri: kwa anayeanza, tena ndani ya ukumbi, chukua lenzi angavu ya tabaka mbili isiyoshika ukungu, na sponji isiyobana. Alinitolea mpya, bei ya kawaida kabisa. Mimi na ubahili wangu! "Laoban, tai gui le," nikamwambia, bosi, ghali mno. Nikachomoa nyeusi kwenye kapu la mitumba. Mzee akanishika mkono. "Bu yao, bu yao!" Usiichukue. Nikadhani ananifanyia ujanja wa soko. Wewe ungedhani nini?

Ukumbini, nilipoivaa tu, sikuona kitu. Mwanamke akaniita kwa nyuma, kwa jina langu la utotoni. Wallahi, hata Zuhura halijui! Na kwetu mtoto wa kike akiitwa haulizi "nini?" Nikajibu bila kufikiri, "Abee!"

Tulifunzwa pia tusimwitikie tusiyemwona. Hilo nililikumbuka nimeshachelewa.

Akanizunguka mbele, nikamwona yeye tu ndani ya giza lile. Penye macho palikuwa na nyama tupu. "Umeitika," akasema kwa Kiswahili safi. "Nipe langu."

Alinipiga usoni kwa ubao, pua ikavunjika. Nikaanguka, akanikalia kifuani, akavuta mkanda wa miwani hadi ukanichana sikio. Nilimng'ata mkono, nikang'ang'ania mpaka mfupa. Hakutikisika. Akapenyeza kidole gumba chini ya sponji, akabonyeza. Jicho lilipasuka, nikalisikia.

Zuhura ndiye aliyeing'oa ile miwani, analia. "Shoga, una nini? Mbona unajiumiza mwenyewe?" Nikatazama kwa jicho lililobaki. Alama za meno yangu zilikuwa mkononi mwangu, na damu kwenye kidole gumba changu.

Vitambaa siku hizi ananichagulia Zuhura. Hilo nimelizoea. Nisilolizoea ni simu ya mama. Ananiita kwa jina lile, nami siwezi kumwitikia. Anadhani Uchina umenipa jeuri. Wiki iliyopita alikata simu akilia.

Kwa hiyo nakuomba, nunua miwani mpya, lenzi angavu, na mzee wa watu akikukataza, msikilize. Ukishaivaa na ukasikia unaitwa, hata kama sauti ni ya mama yako, funga mdomo.