Filamu Iliyobaki Mkiani

Theluji ilikuwa imefunika kibao cha jina la mji, kwa hiyo Arlys Tveit alijua amefika kwa kuona barabara imekwisha. Alikuwa ameendesha gari saa mbili kuelekea nyumba ya wazee ambayo hakuwahi kuitia mguu, ingawa ilikuwa Minnesota ileile aliyozaliwa. Halmashauri ya kanisa, iliyolipia burudani za wazee hao, ilimtuma akaikague huduma ya kukodi filamu kwa intaneti. Unalipa kila mwezi, unaandika orodha ya filamu unazotaka kwenye tovuti, kampuni inakutumia diski tatu kwa posta. Ukirudisha moja, inakuja ile iliyo juu ya orodha. Miezi mitano imepita. Iendelee au ikatwe? Arlys, mpishi wa shule aliyestaafu, alichaguliwa kwa sababu husema jambo lilivyo. Kanisani kwao hiyo haikuhesabiwa kuwa sifa.

Sebuleni alikuta wazee tisa wakinywa kahawa, huku kwenye televisheni mtu aliyevaa kinyago anamkimbiza msichana kwa msumeno wa mashine.

"Mnaipenda hii?" Arlys aliuliza.

"Si mbaya," alijibu Bi. Ardis Kvale, amefumba macho.

"Ni tofauti," aliongeza mwingine.

Arlys alilijua neno hilo. Kwao chakula kikiitwa tofauti, huliwa na mbwa.

Akaketi kwenye kompyuta. Kila baada ya filamu, kampuni huuliza umeipa nyota ngapi kati ya tano, ili ijue ikupendekezee nini. Wazee walikuwa wamezipa zote nyota nne.

"Nani alichagua hizi za misumeno?"

"Ya kwanza ilikuja kwa makosa," alisema Bi. Ardis. "Tukaipa nyota nne. Zilizofuata ilipendekeza mashine yenyewe."

"Mlimpa nne muuaji?"

"Kuna mtu alihangaika kuitengeneza, Arlys."

Mashine, maskini, iliamini imepata wapenzi wa damu. Ilikuwa imewaletea kumi na moja za namna hiyo.

Juu ya televisheni zililala diski mbili nyingine, wiki ya tatu sasa.

"Na hizi mbona hazijarudishwa?"

"Huenda kuna mtu hajamaliza."

"Nani?"

"Mimi nilimaliza," alisema mmoja, "ila sijui wenzangu."

Kando ya diski palikuwa na sinia la keki. Kipande cha mwisho kilikuwa kimekatwa nusu, nusu ikakatwa nusu, hadi kikabaki chembamba kama ukucha. Nacho kingelala hapo mpaka kiote ukungu, maana nani angethubutu kula cha mwisho? Huduma ilikuwa haina kosa lolote. Diski zilisafiri vizuri, zilifika nzima, orodha ilitii. Lakini ungewapa watu hawa chombo cha kuokolea baharini, wangezama wote wakiambiana, tangulia wewe.

Akapekua orodha hadi mkiani. Filamu ya arobaini na tatu ilikuwa ya zamani, habari za mavuno ya ngano, na tovuti ilionyesha kuwa kila Jumatatu mtu huishusha hadi mwisho.

"Nani anaishusha hii?"

Mzee Harlan Moe, mwenye miaka themanini na mmoja, aliinua kidole kama mwanafunzi. Alikuwa amelima nusu karne bila kupigia mtu honi. Alipouza shamba lake, alimwomba radhi aliyelinunua kwa ajili ya mawe yaliyokuwamo.

"Waliipiga picha shambani kwetu mwaka hamsini na saba," alisema. "Walitaka mtu ambaye bado alilima kwa farasi. Nilipita nao mbele ya kamera."

"Umewahi kuiona?"

"Ilipokuja kwenye sinema ya mjini ilikaa wiki moja. Nami nilikuwa zamu ya kuondoa theluji barabarani. Theluji ilianguka wiki nzima."

"Basi mbona unaishusha, baba wee?"

"Wengine wanasubiri zao."

"Zipi? Za misumeno?"

"Wanazipenda," alisema Harlan. "Wamezipa nyota nne."

Bi. Ardis alifumbua macho. "Jumamosi anaondoka, Arlys. Mwanawe anamhamishia Arizona."

"Huko sitaweza kumsumbua na mambo haya," Harlan alisema. "Ana shughuli zake."

Ilikuwa Jumatano. Arlys aliipandisha filamu ya mavuno juu kabisa, akazitia zile diski mbili kwenye bahasha zake bila kumwomba mtu ruhusa, akazipeleka posta mwenyewe. Gari la posta lilipoondoka tu, dhoruba ilifunga barabara ya kurudi, akalala chumba cha wageni; ilipofunguliwa, alibaki kuingoja filamu. Ripoti yake aliiandika kwa mistari miwili: Huduma ni nzuri. Tatizo ni sisi.

Jumamosi Gaylen, mwana wa Harlan, alifika mapema, akaacha injini inanguruma. Mleta barua alikuwa hajatokea.

"Twende, mwanangu," Harlan alisema, koti limefungwa vifungo vyote.

"Kunywa kahawa kwanza, Gaylen," Arlys alisema.

"Asante mama, hapana."

"Kidogo tu."

"Nisikusumbue."

"Nimeshapika."

Mara ya tatu haikataliwi, na Gaylen alilelewa vizuri. Akaketi. Kikombe cha pili kilikuwa nusu bahasha ya filamu ilipoingia.

Walipeleka filamu mbele, wakapita mabusu na hotuba, hadi mwanamume mwenye kofia akatokea na farasi wanne, akapita kutoka kushoto kwenda kulia. Sekunde tisa.

"Inatosha," Harlan alisema.

"Nyamaza," Arlys alisema, akairudisha nyuma. Mara tano.

Harlan aliweka kikombe chini taratibu. "Yule wa pembeni ni Dolly. Alikuwa anachechemea. Huwezi kujua, eti?"

"Huwezi," alisema Gaylen, naye alikuwa amesahau kuvaa glavu alizozishika.

Kompyuta ikauliza nyota ngapi. Arlys alimwahi mzee mlangoni.

"Tatu," alisema Harlan.

"Tatu! Za misumeno zina nne!"

"Mimi nimo ndani. Si vizuri mtu kujisifu."

Gari lilipogeuka, Harlan alishusha kioo. "Irudishe leo, Arlys! Posta inafunga adhuhuri. Wengine wanasubiri!"

Arlys alibaki kwenye theluji bila koti, diski mkononi, gari likiishilia nyuma ya ghala la nafaka.

"Na wasubiri!" alipiga kelele.